Georg Ossian Sars: Msomi wa Norway aliyewapa majina viumbe wadogo wa sakafu ya bahari

WAVUVI wa mwambao wa Afrika Mashariki hawahitaji kufunzwa kwamba pepo za kusi na kaskazi ndizo zinazoamua iwapo mashua itarejea ikiwa imesheheni samaki au itarejea tupu. Jambo wasiloweza kuliona wakiwa juu ya maji ni kwamba pepo hizo hizo huamua pia hatima ya viumbe wadogo mithili ya punje za mchanga, wanaoishi katika matope ya sakafu ya bahari.

Viumbe hao ni wa jamii moja na kaa, kamba na uduvi, jamii ambayo wanasayansi huiita krustasea. Wengi wao hawafikii urefu wa milimita moja. Hata hivyo, wataalamu wanaoichunguza sakafu ya bahari huweza kuwatazama tu na kueleza kama maji yaliyo juu yao ni ya baridi au ya joto, kama yana hewa ya kutosha, na kama upepo umekuwa ukiyapandisha maji ya kilindini kuelekea juu.

Elimu hiyo isingewezekana kabla ya viumbe wenyewe kutambuliwa mmoja mmoja, kuchorwa na kupewa majina. Miongoni mwa waliojitolea kuifanya kazi hiyo, ni wachache waliomfikia Georg Ossian Sars, mwanasayansi wa Norway aliyeishi kati ya 1837 na 1927, na ambaye aliinamia hadubini yake kwa zaidi ya miaka 60.

MWANA WA KASISI

Sars alizaliwa Aprili 20, 1837 katika eneo la Florø, pwani ya magharibi ya Norway. Babake, Michael Sars, alikuwa kasisi wa parokia ya Kinn, lakini moyo wake ulikuwa umetekwa na viumbe wa baharini. Kila alipopata nafasi baada ya ibada, kasisi huyo alishuka ufukweni kuwatafuta wanyama ambao hawakuwa wameelezwa na msomi yeyote.

Mamake, Maren Welhaven, alitoka katika ukoo wa wasomi. Nduguye Maren, Johan Sebastian Welhaven, alikuwa mmoja wa washairi mashuhuri wa Norway katika enzi hizo. Nyumba ya akina Sars ilikuja kuwa baraza la wanamuziki, waandishi na wanasiasa, na Maren ndiye aliyekuwa mhimili wake hadi alipofariki mnamo 1898.

Mwaka 1854 Michael Sars aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Christiania, jiji ambalo tangu 1925 linaitwa Oslo. Familia ikahamia huko. Kaka yake Georg, aliyeitwa Ernst, aliibuka kuwa mwanahistoria mkubwa wa taifa hilo. Dada yao mdogo, Eva, akawa mwimbaji wa kutajika.

Georg alianza masomo ya udaktari wa tiba. Hata hivyo, wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana huyo alionekana mara kwa mara kando ya maziwa na vidimbwi vilivyouzunguka mji, akichota maji na kuyachunguza ili aone ni wadudu gani walioelea ndani yake. Utafiti wake kuhusu krustasea wa maji yasiyo na chumvi ulimpa nishani ya dhahabu, na sehemu yake ikachapishwa mnamo 1867. Udaktari ukasahaulika.

KITENDAWILI CHA MAYAI YA SAMAKI

Mnamo 1864, akiwa bado hajatimiza umri wa miaka 27, Sars alipewa jukumu na serikali ya nchi yake la kuchunguza uvuvi katika visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norway. Hilo halikuwa jambo dogo. Kila majira ya baridi, maelfu ya wavuvi walimiminika Lofoten kumvua samaki ambaye Wanorway humwita torsk. Samaki huyo alikaushwa na kuuzwa hadi nchi za mbali, na pato lake lilikuwa uti wa mgongo wa uchumi wa pwani nzima.

Tatizo ni kwamba samaki hao hawakuaminika. Mwaka mmoja walifurika, mwaka wa pili wakaadimika, na njaa ikabisha hodi katika vijiji vya wavuvi. Hakuna aliyejua sababu. Wengi waliamini kuwa torsk hutaga mayai yake kwenye sakafu ya bahari kama wafanyavyo samaki wengine, na kwamba nyavu zinazoburutwa chini ndizo zinazoyaharibu.

Sars hakukaa ofisini kusubiri ripoti. Aliandamana na wavuvi katika baridi kali, akachota maji ya juu ya bahari kwa wavu mwembamba, akayatazama kwa hadubini. Humo aliyakuta mayai ya torsk yakielea kwa wingi, maangavu kama vishanga vya kioo. Aliyalea katika vyombo hadi yakaangua vifaranga.

Ugunduzi huo uliondoa lawama iliyokuwa imeelekezwa kwa nyavu za chini. Aidha, ulibadilisha swali lenyewe. Ikiwa mayai na vifaranga huelea, basi maisha yao hutegemea mikondo, joto la maji na chakula kinachoelea pamoja nao. Kumwelewa samaki kulihitaji kwanza kuielewa bahari iliyombeba, pamoja na viumbe wadogo anaowala.

Kuanzia hapo Sars alikuwa na kazi mbili ambazo kwake zilikuwa kazi moja. Serikali ilimtaka aeleze habari za samaki, naye akaendelea kuwachunguza wadogo kabisa, kwa sababu bila hao hakuna samaki.

KILINDI CHENYE UHAI

Katika safari hizo hizo za Lofoten, Sars alikuwa akikokota chombo cha kukwangua matope kutoka kwenye kina kirefu. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakifuata rai ya Mwingereza Edward Forbes, aliyedai katika miaka ya 1840 kwamba uhai baharini hupungua kadiri mtu anavyoshuka, na kwamba chini ya mita 550 hivi huenda hakuna kiumbe kinachoishi.

Matope ya Sars yalisema kinyume. Kutoka kina kilichokaribia mita hizo 550, aliibua mnyama mwenye shina kama la ua, wa ukoo ambao ulikuwa ukijulikana zaidi kutokana na mabaki yaliyogeuka mawe. Michael Sars alimweleza mnyama huyo kwa ukamilifu mnamo 1868 na kumpa jina Rhizocrinus lofotensis.

Habari hizo zilimfikia Charles Wyville Thomson, msomi aliyesafiri hadi Norway kujionea mwenyewe. Aliporejea Uingereza alishawishi serikali na wanasayansi wenzake kutuma meli za kuchunguza vilindi. Matokeo yake yalikuwa safari maarufu ya meli Challenger iliyozunguka dunia kati ya 1872 na 1876.

Krustasea walioletwa na meli hiyo walikuwa wengi kupindukia, wakagawiwa wataalamu mbalimbali. Sars alikabidhiwa makundi matatu, na ripoti zake zikachapishwa mnamo 1885 na 1887. Babake hakuishi kuyaona hayo, kwani alikuwa amefariki mnamo 1869.

KITABU CHA 1866

Miaka miwili tu baada ya safari yake ya kwanza ya Lofoten, Sars alichapisha kazi iliyohusu wadudu wa baharini wanaoitwa ostrakoda. Kwa mtu asiyewajua, ostrakoda hufanana na chaza mdogo mno. Mwili wake umefunikwa kwa gamba lenye pande mbili zinazofunguka na kufungika. Ndani yake, hata hivyo, hakuna chaza. Kuna mnyama mwenye miguu na papasi, ndugu wa kamba.

Wasomi waliomtangulia walikuwa wameyaeleza magamba. Sars aliyafungua. Aliwatazama wanyama wenyewe, akahesabu miguu yao na kuchora kila kiungo, kisha akawagawa ostrakoda katika makundi makuu kulingana na maumbile hayo. Majina aliyoyatoa mnamo 1866, kama vile Myodocopa, Podocopa na Platycopa, yangali yanatumika hadi leo. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya nasaba kama Cytheropteron, Argilloecia na Polycope, ambayo hutajwa katika tafiti za sakafu za bahari kote ulimwenguni.

Kuna sababu inayowafanya ostrakoda wa sakafuni wawe mashahidi wazuri kuliko wanyama wengi wa baharini. Vifaranga vya kaa na vya chaza huelea na kuchukuliwa na mikondo hadi mbali. Ostrakoda wanaoishi sakafuni hawana hatua hiyo ya kuelea. Wanazaliwa, wanakua na kufa karibu na pale pale. Iwapo mahali hapo pana chakula, hewa na matope yanayowafaa, watakuwepo. Hali ikibadilika, hawana pa kukimbilia.

Fauka ya hayo, ostrakoda anapokua hulitupa gamba lake la zamani na kuunda jipya, mara nane kabla ya kufikia utu uzima kwa walio wengi. Magamba hayo ya chokaa huzikwa katika matope na huweza kudumu kwa maelfu au hata mamilioni ya miaka. Anayelichimbua tope la zamani hukutana na orodha ya wakazi wa enzi hiyo.

SHEMEJI ALIYEKWAMA BARAFUNI

Sars aliteuliwa kuwa profesa mnamo 1874. Pamoja na mtaalamu wa hali ya hewa, Henrik Mohn, alikuwa mstari wa mbele kuishawishi serikali igharamie uchunguzi wa bahari iliyo kati ya Norway, Iceland na Greenland. Safari hizo zilifanywa kwa meli Vøringen katika miaka ya 1876, 1877 na 1878, na Sars alikuwa miongoni mwa waliosafiri.

Mnamo 1889 dada yake Eva aliolewa na kijana machachari aliyeitwa Fridtjof Nansen. Nansen naye alikuwa mwanazuoni wa wanyama kabla ya kujulikana kama mvumbuzi wa nchi za barafu, na hatimaye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1922 kwa juhudi zake za kuwasaidia wakimbizi.

Kati ya 1893 na 1896, Nansen aliiacha meli yake Fram igande katika barafu ya bahari ya Aktiki ili ichukuliwe na mkondo. Wakati wa safari hiyo aligundua jambo la ajabu. Barafu haikufuata uelekeo wa upepo moja kwa moja. Iliyumba kuelekea kulia kwa kati ya nyuzi 20 na 40.

Safari hiyo ilizaa matunda mawili yanayohusiana na habari hizi. La kwanza ni krustasea waliokusanywa kutoka baharini humo, ambao Nansen alimkabidhi shemeji yake. Sars aliwaeleza katika kitabu kilichochapishwa mnamo 1900. La pili ni fumbo la barafu lenyewe, ambalo lilitatuliwa na Msweden mwenye umri mdogo, Vagn Walfrid Ekman, katika maandishi yake ya 1902 na 1905.

Ekman alionyesha kwamba upepo unapovuma juu ya bahari, tabaka la maji ya juu huliburuta tabaka lililo chini yake, nalo huliburuta linalofuata. Kwa kuwa dunia inazunguka, kila tabaka hupindishwa kidogo zaidi. Jumla yake ni kwamba maji ya juu husukumwa pembeni mwa upepo, kuelekea kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia na kuelekea kushoto katika nusu ya kusini.

Basi upepo ukivuma sambamba na pwani kwa upande unaofaa, maji ya juu hufukuzwa kutoka ufukweni kuelekea bahari kuu. Pengo wanaloliacha hujazwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini. Maji hayo yamebeba mbolea ya asili iliyokusanyika kilindini. Yakifika kwenye mwanga wa jua, vijimea vinavyoelea huchipuka kwa wingi, wadudu huvila vijimea, na samaki huwala wadudu.

Hiyo ndiyo siri ya utajiri wa pwani za Peru na Chile, California, Namibia na Afrika Kusini, pamoja na kaskazini magharibi mwa Afrika kuanzia Morocco hadi Senegal. Maeneo haya ni sehemu ndogo mno ya bahari ya dunia, lakini hutoa takriban sehemu moja kwa tano ya samaki wanaovuliwa baharini.

NEEMA INAPOGEUKA KUWA SUMU

Sars mwenyewe hakuandika nadharia kuhusu upandaji huo wa maji. Mchango wake ulidhihirika wakati wataalamu waliokuja baadaye walipoanza kuchunguza kinachotokea kwenye kingo za mabara, yaani ile sakafu pana inayoteremka polepole kutoka ufukweni hadi kina cha takriban mita 200 kabla ya bahari kuporomoka kilindini.

Walichokigundua ni kwamba neema ya juu si lazima iwe neema ya chini. Vijimea vingi visipoliwa vyote, mabaki yake huzama na kutua sakafuni. Kwa kiasi, hicho ni chakula cha ostrakoda na wenzao, na idadi yao huongezeka. Mabaki yanapozidi, bakteria wanaoyaozesha hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Maji yenyewe yaliyopanda kutoka chini huwa tayari yamepungukiwa na hewa hiyo. Kwa hiyo sakafu hubaki na chakula tele lakini pumzi haipo.

Ostrakoda wengi hawana matamvua. Hupumua kupitia ngozi laini ya mwili, na hivyo hewa ikipungua huwa miongoni mwa wanaoathirika. Aina moja baada ya nyingine hutoweka. Zinazobaki ni chache, zile zinazostahimili dhiki, na mara nyingine hizo chache huwa na watu wengi, kama kijiji ambacho koo zote zimehama isipokuwa moja iliyozaana. Hewa ikiisha kabisa, hata hao hutoweka.

Tatizo jingine ni kwamba maji yanayopanda huwa na hewa nyingi ya ukaa, inayoyafanya yawe makali kwa chokaa. Magamba yanaweza kuyeyuka hata baada ya mnyama kufa, na mchunguzi asiye makini anaweza kudhani kwamba mahali hapo hapakuwahi kuwa na mkazi.

Ndiyo maana orodha ya aina ni muhimu kuliko hesabu ya vichwa. Sakafu yenye aina nyingi zilizochanganyika huashiria maji yenye hewa. Sakafu iliyotawaliwa na aina moja au mbili huashiria upandaji mkali wa maji juu yake. Kundi la Platycopa, lile lile lililopewa jina na Sars mnamo 1866, limezua mjadala mrefu. Wapo waliopendekeza kwamba wingi wake katika matope ya kale ni dalili ya uhaba wa hewa, kwa sababu wanyama hao hupitisha maji mengi mwilini wanapojilisha. Wengine wakapinga, wakionyesha kwamba kundi hilo huishi pia katika maji yenye hewa ya kutosha. Ni mjadala usioweza hata kuanza bila kazi ya yule aliyewatenganisha viumbe hao kwanza.

Pwani ya Peru hutoa mfano wa wazi wa mambo haya. Inapofika miaka ya El Nino, kama ilivyokuwa mnamo 1982 na 1983, na tena 1997 na 1998, maji ya joto huifunika bahari na mbolea ya kilindini haifiki juu. Wavuvi wa dagaa wa Peru hupata hasara kubwa. Sakafuni, hata hivyo, hewa huongezeka, na wanyama ambao hawakuweza kuishi hapo hurejea kwa muda.

Nchini Namibia, matope ya ukingo wa bara hutoa mara kwa mara gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo huua samaki na kamba karibu na miji kama Walvis Bay. Wanaotaka kujua kama matukio kama hayo yanaongezeka hulazimika kuyarejea matope na kuwauliza wakazi wake wa zamani.

MATOPE YA TANGANYIKA

Huenda msomaji akadhani kwamba habari za Sars zinahusu nchi za baridi pekee. La hasha. Tangu miaka ya 1880, Sars alikuwa na mazoea ya kuomba matope makavu kutoka mabara mengine. Aliyatia maji katika vyombo vya kioo nyumbani, akasubiri. Mayai ya wadudu yaliyokuwa yamelala ndani ya tope hilo yaliamka na kuangua. Kwa njia hiyo aliweza kuwachunguza wakiwa hai viumbe kutoka Australia, Amerika ya Kusini na Afrika Kusini, wakiogelea mbele ya macho yake huko Christiania.

Afrika Mashariki pia ilimfikia. Kati ya 1904 na 1905, Mwingereza William Alfred Cunnington aliongoza safari ya kisayansi katika maziwa ya Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Krustasea wadogo waliokusanywa walipelekwa kwa Sars, naye akachapisha ripoti mbili jijini London, moja mnamo 1909 kuhusu kopepodi, na nyingine mnamo 1910 kuhusu ostrakoda.

Baadaye ilibainika kwamba Ziwa Tanganyika ni mojawapo ya hazina kubwa za ostrakoda duniani, na kwamba wengi wao hawapatikani kwingineko. Ziwa hilo nalo lina upandaji wake wa maji. Pepo za kusini mashariki zinapovuma wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yakapanda katika ncha ya kusini. Dagaa wanaouzwa Kigoma, Bujumbura na Kalemie hutegemea sana mbolea inayopanda kwa njia hiyo.

Katika Bahari ya Hindi, upepo wa kusi unapovuma sambamba na pwani ya Somalia, hasa kati ya Juni na Septemba, maji baridi hupanda kwa nguvu kiasi kwamba joto la bahari huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Kaskazini mwa pwani ya Kenya hali ni tofauti. Huko maji yenye rutuba hupanda wakati wa kaskazi, ambapo mkondo wa Somalia unaoshuka kusini hukutana na mkondo wa pwani unaopanda.

KALAMU HADI PUMZI YA MWISHO

Kazi iliyomchukua Sars muda mrefu kuliko zote ni maelezo ya krustasea wa Norway, yaliyotoka katika juzuu tisa. Aliyaandika kwa Kiingereza ili yasomwe na wengi, akayachora mwenyewe kwa mkono, kurasa kwa mamia. Michoro hiyo ni sahihi kiasi kwamba wachunguzi wa sasa huifungua wanapotaka kuhakikisha kwamba mdudu waliyemshika ndiye anayetajwa.

Hakuoa. Aliishi pamoja na mamake na kaka yake Ernst, na baada ya wao kufariki akaendelea na ratiba ile ile ya hadubini na kalamu. Dada yake Eva alifariki mapema, mnamo 1907.

Ya kutajwa ni kwamba juzuu la mwisho, la tisa, lilihusu ostrakoda, viumbe wale wale alioanza nao mnamo 1866. Sehemu zake zilianza kutoka mnamo 1922, akiwa na umri wa miaka 85. Aliendelea kuziandika huku miaka ikiyoyoma. Alifariki jijini Oslo mnamo Aprili 9, 1927, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 90. Sehemu ya mwisho ilichapishwa mnamo 1928.

URITHI WAKE

Norway imemuenzi msomi huyo kwa kuzipa meli zake za utafiti jina lake. Meli ya tatu yenye jina la G.O. Sars ilianza kazi mnamo 2003. Jina la shemeji yake limebebwa na meli za Dr Fridtjof Nansen, ambazo tangu 1975 zimekuwa zikisaidia mataifa yanayoendelea kuchunguza samaki wao, Kenya ikiwemo.

Hata hivyo, urithi wa Sars unakabiliwa na tishio ambalo meli haiwezi kuliondoa. Wataalamu wenye uwezo wa kuwatambua viumbe wadogo kwa kuwatazama miguu na magamba wanapungua katika nchi nyingi. Ni kazi isiyo na mshahara mnono wala sifa za haraka, na vijana wengi huikwepa.

Kenya imekuwa ikiusifia uchumi wa buluu, hasa tangu Nairobi iandae kongamano la kimataifa kuhusu suala hilo mnamo Novemba 2018. Mazungumzo aghalabu huhusu meli kubwa, bandari na tani za samaki. Bahari inazidi kupata joto, na joto hilo hupunguza hewa ndani ya maji. Atakayetaka kujua jinsi sakafu ya bahari yetu inavyobadilika atahitaji orodha ya wanaoishi humo leo, ili awe na cha kulinganisha baada ya miaka 50.

Orodha kama hiyo huandikwa na mtu anayekubali kukaa na chupa ya matope, hadubini na kalamu, mwaka baada ya mwaka. Sars aliifanya kazi hiyo kwa pwani ya nchi yake, na wavuvi wa Lofoten walinufaika. Sehemu kubwa ya matope ya ukingo wa bara letu, kuanzia Kiunga hadi Vanga, ingali inamsubiri wa kuyafungua magamba yake.